Mti wa Mongina

Simu iliita Cherotich akiwa katikati ya majani chai, kikapu kimejaa nusu mgongoni, na namba yenyewe hakuijua. Aliibana kati ya bega na sikio, mikono ikaendelea kuchuma, maana Alhamisi lori huwahi kufika kituoni na karani wa mizani hamsubiri mtu.

"Chero," sauti ikasema. "Ni mimi, Mongina."

Mikono ikasimama.

"Mongina yupi?"

"Weh! Kwani unajua wangapi? Mongina wa kambi. Mongina wa daraja. Ama umeshanisahau?"

Kumsahau! Laiti angekuwa amemsahau. Huyu ni mtu ambaye Cherotich alimpandia mti wa kumbukumbu kwa mikono yake mwenyewe, akaulilia mpaka wenzake wakamshika mabega, na kila mwaka tangu hapo amekuwa akiweka kiganja kwenye shina lake mbele ya kina mama wote na kusema, "Mongina, pumzika, kazi tunaendelea nayo." Sasa marehemu huyo alikuwa anakohoa kwenye simu.

"Oyaro wa ndizi ameniambia Jumamosi mnafanya sherehe," Mongina akaendelea. "Eti chama kimefika miaka ishirini. Sijaalikwa, lakini nakuja. Hata mkiniweka nyuma na sahani ya wali, nitakula."

"Karibu," Cherotich alisema. Mdomo ndio uliosema. Yeye mwenyewe hakuwepo. "Karibu sana."

"Haya, tuonane."

Simu ikakatika bila kwaheri. Mongina hakuwahi kuona sababu ya kumalizia salio kwa kwaheri, na hapo ndipo Cherotich alipojua kwa hakika kwamba alikuwa anaongea na Mongina mwenyewe, si na tapeli wala mzimu. Akakaa chini kati ya mistari ya chai. Furaha ilimjia, tena kubwa, lakini ikakuta hofu imeshaketi. Rafiki aliyekuwa amempoteza alikuwa anarudi, na kitu cha kwanza atakachoonyeshwa ni mahali walipomzika.

Kwa asiyekijua chama chenyewe, Kina Mama wa Daraja hakikuanzia ofisini wala kwenye semina, ijapokuwa siku hizi wapo wanaopenda kukihadithia hivyo. Kilianzia matopeni. Upande mmoja wa kijito, si mbali na Mogogosiek, yalikuwa mashamba madogo ya Wakipsigis, na Cherotich alikuwa na lake. Upande wa pili ilikuwa kambi ya kampuni ya chai, nyumba za safu zilizojaa wachumaji waliotoka Kisii, na Mongina alikaa katika mojawapo. Watoto wa kambi walivuka kuja shule, kina mama wa mashambani walivuka kwenda zahanati, na mvua ikinyesha kila upande ulibaki kwake ukiulaumu upande mwingine.

Ikawa siku moja Quinter, mke wa mwalimu, akashikwa na uchungu kijito kikiwa kimefurika. Zahanati aliiona kwa macho na hakuweza kuifikia. Akajifungulia kwenye nyasi, Cherotich amepiga magoti mbele yake hajui aanzie wapi, na ng'ambo ya maji mwanamke mnene wa Kikisii, aliyewahi kuzalisha wengi kambini, akimfokea kwa sauti ya kuvunja mawe: shika hapo, usivute, ngoja, ngoja nimesema! Mtoto akalia. Yule mwanamke wa ng'ambo akakaa kitako kwenye tope akalia pia. Ndivyo Cherotich na Mongina walivyofahamiana.

Wiki haikuisha kabla wanawake wa pande zote mbili hawajaanza kubeba magogo. Wanaume walicheka, kisha wakaona haya, kisha wakaleta misumeno. Daraja lilipokamilika, kina mama wakaona wamekwisha kuzoea kudai. Wakamwendea chifu mpaka kituo cha chai kikapata taa. Wakakaa kwenye mikutano ya bajeti ya kaunti na ufumaji wao mapajani, wakikataa kuondoka, mpaka zahanati ikaongezewa chumba cha kina mama kujifungulia. Kila mwanachama alipewa leso ya kijani, na kikaoni hakuna aliyesimama kuzungumza bila leso begani. Mongina alizungumza kuliko wote, na hata waliokuwa wakimnung'unikia walimsubiri aanze.

Kisha kampuni ikaleta mashine za kuchuma, na mashine moja ikawa inafanya kazi ya wanawake wengi. Kambi ikaanza kupungua. Mongina alipoachishwa kazi Cherotich alikuwa Londiani, amekwenda kumwuguza binti yake aliyejifungua. Aliporudi alikuta mlango wa Mongina una kufuli la kampuni. Akapiga simu, akaambiwa mteja hapatikani. Alipiga tena na tena kwa majuma, kisha akapiga mara mojamoja, kisha ng'ombe na chai na wajukuu wakamshika.

Mwaka uliofuata, ule wa korona, Elmina aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza akafariki. Binti yake aliifua ile leso ya kijani, akaipiga pasi, akaikunja vizuri na kuirudisha kwa chama. Kina mama waliguswa. Wakapanda mti wa tebeswet kando ya kijito kwa jina la Elmina, ule mti ambao majani yake hugeuka rangi ya chungwa kabla ya kuanguka, na bila mtu kupiga kura ikawa desturi: mwenzetu akifa, leso yake inarudi, na mti unapandwa.

Haikupita hata miezi mingi, Weldon, mume wa Cherotich, akarudi kutoka sokoni na kitu kimefungwa kwa gazeti. Weldon ni mtu mwema lakini maneno huyatoa kama anayatoa mfukoni mwake.

"Oyaro wa ndizi ameniachia hii," alisema. "Ni ya Mongina. Amesema inarudi."

"Amesema nini tena?"

"Basi. Alikuwa na haraka. Askari walikuwa wanafunga soko."

Ilikuwa leso ya kijani, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa sawasawa na ile ya Elmina. Cherotich alikaa kizingitini akalia mpaka Weldon akaenda kukamua ng'ombe badala yake. Siku zile watu walizikwa harakaharaka, jamaa wachache wamesimama mbalimbali, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kwamba chama hakikuitwa kwenye mazishi. Oyaro naye hakuonekana tena sokoni. Ndiyo kwanza alikuwa amerudi na ndizi zake mwezi huu, na nani angeanza kumwuliza habari za marehemu wa zamani? Tena kutoka hapa hadi Keroka, kwao Mongina, si safari ya kufungiwa chakula. Mtu angetoka asubuhi akarudi kabla ya jioni, lakini hakuna aliyetoka.

Hayo yote Cherotich aliyapitia kichwani akiwa amekaa kwenye chai, na alipofika kituoni lori lilikuwa limeondoka.

Akaenda moja kwa moja kwa Fancy, katibu wa chama, mwalimu wa chekechea, msichana mwepesi ambaye hajawahi kuona shida isiyokuwa na jina la kupendeza. Fancy alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka.

"Aki, Mama Kipsang, hii sasa ni mambo gani? Na mheshimiwa mbunge anakuja! Na kwa programu tumeweka kutembelea miti!"

"Ndiyo nimekuja unisaidie kufikiria."

"Sawa. Tuseme ni mti wa amani."

"Kila mtoto hapa anaujua ni mti wa Mongina. Hata mbuzi wanaujua."

"Basi mpigie simu umwambie mapema."

"Mtu anaambiwaje kwa simu kwamba amekufa?"

Fancy akafikiria. "Basi ukate. Mti ni mti tu."

Cherotich alimkemea vikali, akamwambia asithubutu kusema neno kama hilo tena. Lakini akaondoka na neno lenyewe.

Ijumaa asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai, alikuwa kando ya kijito na panga. Miti ilikuwa imesimama kwa safu, wa Elmina wa kwanza, wa Mongina wa pili, na wa Mongina ndio ulionenepa kuliko yote, jambo ambalo kina mama walikuwa wakilitania kila mwaka. Alitazama huku na huku. Akainua panga akapiga mara moja.

Panga likaingia, utomvu ukatoka. Na hapo hofu ya namna nyingine ikamshika, mbaya kuliko ile ya kwanza. Kumlilia mtu aliye hai ni balaa tosha, kwa Wakipsigis na kwa Wakisii vilevile. Sasa alikuwa amesimama anamkatakata siku moja kabla hajaanza safari. Je, Mongina akishikwa na maumivu leo huko Keroka? Je, gari likianguka? Alichomoa panga, akachota tope akaupaka ule mkato kama anayempaka mtoto dawa, huku akisema pole, pole, pole. Kisha akarudi nyumbani na kushindwa kunywa chai.

Kufikia mchana habari zilikuwa zimeenea. Quinter akapiga simu, ananong'ona kana kwamba wafu wana masikio. "Ni kweli Mongina anakuja? Tutamwangalia na macho gani?" Wengine walitaka matembezi ya miti yafutwe kabisa. Lakini binti yake Elmina alikuwa anakuja na wajukuu kwa ajili ya mti wa mama yake, na kumwambia asifanye hivyo kungekuwa kumzika Elmina mara ya pili. Cherotich akasema yeye ndiye anayeongoza matembezi, na yeye ndiye aliyempanda Mongina, kwa hiyo atamngoja barabarani amwambie kabla hajafika. Walimkubalia haraka mno, jinsi watu wanavyomkubalia mwenzao anayejitolea kuingia shimoni.

Jumamosi alisimama njia panda tangu asubuhi, amevaa leso yake, na ile ya Mongina imo kwenye mkoba. Alikuwa amepanga maneno. Yalikuwa mazuri sana, yalianza na Mungu na kuishia na Mungu. Magari yakapita, yakashusha wageni, yakashusha masufuria, yakashusha viti vya kukodi. Mongina hakushuka. Kila gari lililoondoka bila kumshusha lilimwachia Cherotich wazo baya zaidi, na mawazo yote yalikuwa na panga ndani yake. Akajikuta anaomba kitu ambacho jana asingekiomba: aje. Aje tu, auone mti, akasirike, atukane, lakini aje akiwa mzima.

Aliyetokea alikuwa Fancy, anakimbia na viatu mkononi. "Mama Kipsang! Mheshimiwa ameshafika na anasema ana mazishi mengine mchana! Na huyu mama yuko hapa saa nyingi!"

"Yuko wapi?"

"Ameketi huko kwa hema! Alikuja na njia ya kambi!"

Bila shaka. Angekuja na njia gani nyingine? Mongina alikuwa amepitia kambini kwake kwa zamani, akavuka daraja lake.

Cherotich alimkuta chini ya hema, amekonda, nywele zimeingia mvi, amezungukwa na sahani. Hakuna mama aliyekuwa amethubutu kumwambia lolote, kwa hiyo kila mmoja alikuwa amemletea chakula. Walimkumbatia, wakampapasa mikono, wakarudi nyuma kumtazama.

"Chero!" Mongina aliita. "Mbona hawa wananiminyaminya kama parachichi?"

Wakashikana. Cherotich alisikia mbavu zake na joto lake, akashindwa kumwachia. Maneno yote mazuri yakamtoka kichwani. "Mongina, kuna kitu nataka kukwambia," alianza, na kipaza sauti kikamkatiza: kina mama wote wajipange, matembezi ya kumbukumbu yanaanza, Mama Kipsang atuongoze.

"Matembezi gani?" Mongina aliuliza. "Wakati wangu hayakuwepo." Akaweka sahani chini, akamshika Cherotich mkono kama zamani, na wakaenda.

Kwenye mti wa kwanza Cherotich aliweka kiganja. "Elmina, pumzika, kazi tunaendelea nayo." Kina mama wakaitikia. Mongina alikuwa ameganda.

"Elmina alikufa?"

"Ule mwaka wa korona."

"Na hakuna mtu aliniambia." Akaukumbatia mti, akalia kidogo, akamshika kichwani mjukuu wa Elmina aliyekuwa karibu. Kisha akajifuta na kuitazama safu yote, na Cherotich akaona jinsi alivyoanza kuelewa miti ile ni ya akina nani. Nyuma yao kina mama waliinamisha vichwa. Hata mheshimiwa, ambaye hakuelewa kitu, aliinamisha chake.

"Huu unaofuata ni wa nani?"

Cherotich alifungua mdomo. Angeweza kusema wa amani. Fancy alikuwa anamkazia macho aseme wa amani.

"Ni wako," alisema.

"Wangu mimi?"

"Leso ya Elmina ilirudi alipokufa. Halafu ya kwako ikarudi, imekunjwa vilevile. Tukajua..." Cherotich akaweka kiganja kwenye shina. "Mimi ndio niliupanda."

Mongina alisogea karibu. Aliuzunguka mti polepole, akiutazama toka chini hadi juu, jinsi mtu anavyomkagua ng'ombe kabla ya kununua. Upande wa pili akasimama, akakwangua tope kwa ukucha.

"Na hapa? Ni nani amekata?"

"Ni mimi. Jana. Niliogopa utauona."

"Yaani ulinizika, halafu ukasikia nakuja, ukaja kunimalizia na panga?"

Na akaanza kucheka. Alicheka kile kicheko chake cha kikaoni, mikono kiunoni, na kina mama waliokuwa wameshika pumzi tangu Ijumaa wakamfuata mmoja baada ya mwingine, Quinter akachuchumaa kabisa, Fancy akafuta macho. Cherotich naye akacheka kwa ahueni. Akaona limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Mongina aliacha kucheka kabla ya wengine, na machozi hakuyafuta.

"Kule kampuni," alisema, "mtu akitolewa kazini anarudisha aproni na kikapu. Anarudisha kila kitu, ndio karani anamwachilia. Nikarudisha. Nikafika nyumbani, nikakaa miezi, siku moja leso iko kwa kamba inakauka, nikasema, hata hii si ni ya kazi? Wacha niirudishe pia, nione. Nikampa Oyaro. Nilikuwa najua Chero hatakubali. Atapanda gari aje anirushie hii kitu, aniambie wacha ujinga, mama."

"Mongina..."

"Nilikuwa nafagia uwanja kila asubuhi. Gari ikisimama kwa lami, natoka nje kuangalia. Mwaka wote. Wewe uko hapa unanililia?"

"Nililia sana. Waulize hawa."

"Ungekuja kulia huko," Mongina alisema. "Ungenikuta nachambua mboga."

Hakusema kwa hasira. Cherotich angependa iwe hasira, maana hasira ya Mongina aliijua na dawa yake aliijua. Alisimama mbele ya watu wote akisikia aibu ikimpanda hadi masikioni. Kwa haraka akafungua mkoba, akaitoa leso ya kijani, akainyoosha kumtandia mabegani.

Mongina alimshika mikono. Akaichukua leso, akaikunja upya pale pale, kona kwa kona, akairudisha ndani ya mkoba wa mwenzake na kuufunga.

"Hapana. Hii utaniletea."

"Lakini si uko hapa!"

"Mimi nimekuja kwenu. Nimekuja bila kualikwa. Sasa wewe uje kwangu."

"Kwako sikujui," Cherotich alisema, na neno lilipotoka akalisikia. Miaka yote ile ya magogo na vikao, Mongina alikuwa ameingia jikoni kwake mpaka anajua chumvi inakaa wapi, na yeye hakuwahi hata siku moja kuuliza Keroka ni upande gani.

"Utauliza njia," Mongina alisema. "Niko hai, watu watakuonyesha." Kisha akamgeukia Fancy, akamwambia waendelee na miti mingine, mheshimiwa asichelewe mazishi yake, yale ya mtu aliyekufa kweli.

Jumatatu Weldon aliamka akakuta ng'ombe wamekwisha kukamuliwa na uji uko mezani. Mkewe alikuwa mlangoni, amevaa vizuri, kibuyu cha maziwa ya mursik mkononi na mkoba begani.

"Unaenda wapi na mapema hivi?"

"Keroka. Kwa Mongina."

Weldon alikoroga uji wake. "Kwani kuna mtu amekufa?"

"Hakuna," Cherotich alisema. "Ndiyo maana naenda."